Ombi la Kuangushwa Badala ya Bwana Mkubwa

Kwa Meneja wa Karakana, ambaye kwa upande wa mama ni Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekwisha kunywa chai, maana Mama anasema kabla ya chai wewe huwa husikii la mtu. Naandika nikiwa na akili timamu, kalamu ya kuazima kwa Katibu wako na malalamiko mazito.

Mjomba, nimesikia. Usiulize nimesikia wapi. Mlango wa ofisi yako ni mwembamba, na wewe ukishika simu huongea kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nimesikia kwamba muda wangu wa kutazamiwa kazini unaisha, na kwamba ile nafasi ya msaidizi wa majaribio, ambayo Mama amekwisha kuitangaza mtaa mzima, huenda isiwepo tena, kwa sababu fungu lake litanunua sanamu la pili. La pili, Mjomba! Hili la kwanza tu linatutoa jasho.

Ili malalamiko yangu yaeleweke hata yakipanda ngazi za juu kuliko wewe, naeleza toka mwanzo. Sisi hapa tunatengeneza na kujaribu vifaa kwa ajili ya kampuni za watu. Kampuni inakuja na mchoro, sisi tunachonga sampuli, kisha tunaivuta, tunaichoma, tunaitikisa na kuiangusha. Tukishindwa kuiharibu, tunaipa cheti. Vile vya kuvaliwa, kama mikanda inayowadaka mafundi wa maghorofani wakiteleza, tunalivalisha sanamu la mpira na chuma lenye umbo la mwanaume. Winchi inalipandisha mpaka darini, ndoano inaachia, linaanguka, mkanda unalidaka hewani. Basi. Huyo ndiye tunayemwita Bwana Mkubwa, na huyo ndiye ninayemshtaki kama ifuatavyo:

1. Usafiri. Bwana Mkubwa aliporudi kutoka kwenye matengenezo, mimi na dereva tulimfuata kwa pikapu. Kwenda, nilikaa mbele kama binadamu. Kurudi, Injinia wetu wa majaribio akapiga simu kwamba mgonjwa wake asitikiswe, kwa hiyo Bwana Mkubwa akae mbele na afungwe mkanda. Mimi nikapanda nyuma na maboksi. Mvua nayo ikaona hapo ndipo pa kunyeshea. Tuliposimama kwenye taa, mtoto mmoja ndani ya basi akanionea huruma, akanipungia mkono. Kisha akamwona yule wa mbele, kakaa wima, kioo kimepandishwa, akampigia saluti.

2. Huruma. Bwana Mkubwa akishaanguka, Injinia humfuta uso kwa kitambaa laini na kumwambia, "Pole baba, leo tumekuonea." Nimesikia kwa masikio yangu. Mimi nilipobanwa kidole na droo ya vipimo, Injinia huyohuyo alikuja mbio, akainama, akauliza kama droo bado inafunga vizuri.

3. Malazi. Yeye ana sanduku lenye sponji lililokatwa kufuata mwili wake, mpaka na kishimo cha kisigino. Mimi nakalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Nilijaribu kulala ndani ya lile sanduku wakati wa mapumziko ya mchana, kwa utafiti tu, nikakuta pananitosha kila mahali isipokuwa puani. Mlinzi alipolifungua na kuona sanamu limefumbua macho, alikimbia, kofia yake nikaiokota mimi. Hilo sikulaumiwa bure, nakubali.

4. Elimu. Kila nikiomba cheo naambiwa sikumaliza shule. Ni kweli, mimi na shule tuliachana kwa amani, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake. Lakini Bwana Mkubwa alisoma wapi? Injinia mwenyewe alitufundisha kwamba kitu kizito na kitu chepesi vikiachiwa pamoja vinafika chini pamoja. Nikamuuliza, "Na msomi na asiyesoma je?" Akasema, "Nao vilevile." Basi Mjomba, shahada ya nini? Kwenye kuanguka tuko sawa wote.

5. Ripoti. Hapa ndipo penye hoja yenyewe, tafadhali weka simu chini. Bwana Mkubwa hawezi kusema. Ili tujue mkanda umembana kiasi gani, ana nyaya kifuani, nyaya zinakwenda kwenye kompyuta, kompyuta inachora milima, na Injinia anaitazama ile milima nusu siku huku anatafuna kalamu. Mimi sihitaji waya. Niangushe, kisha niulize. Nitakwambia papo hapo: begani panauma kidogo, pajani panauma sana, na mahali pengine sitaki kupataja mbele ya Injinia. Ripoti kamili, tena yenye hisia.

6. Mwili. Mteja anataka sanamu lenye uzito wa mtu mzima. Mimi ni mtu mzima, Mama tu ndiye anayebisha. Kilo zinazopungua nitazijaza kwa kula kwa gharama ya kampuni, na nina imani nitapita lengo. Kuhusu kofia ngumu, ambazo hujaribiwa kwa kuangushiwa chuma utosini, napenda kukukumbusha kwamba kichwa hiki kiligongwa na walimu wa masomo yote na hakuna hata mmoja aliyefaulu kukipasua, wala kuingiza kitu.

7. Upanuzi. Nikishazoea, tusiishie kwenye mikanda. Ile meza inayotetemeka, tunayojaribia redio za magari, nitailalia, na huenda ikanisaidia mgongo. Makoti ya mvua nitayavaa chini ya mabomba. Glavu za moto nitazivaa pia, mradi moto uanze mdogo. Na wateja wakinipenda, kampuni nyingine zitaanza kuniazima, nami nitasafiri kama anavyosafiri yeye, na hati zangu mkononi. Bwana Mkubwa ameshapanda ndege, Mjomba. Mimi ndege naijua tumbo tu. Halafu sanamu linalotembea lenyewe, linalobeba zana zake na kuandika ripoti yake, litahitaji Injinia wa nini? Na karakana isiyohitaji Injinia itahitaji meneja wa nini? Lakini wewe usiogope. Nitakutafutia kazi, sisi ni ndugu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, sanamu la pili lisinunuliwe. Pili, niajiriwe mimi kuwa sanamu hilo, kuanzia wiki ijayo, nikiwa na sanduku, sponji, kitambaa laini na siti ya mbele. Nasisitiza usiniangalie kama mpwa. Niangalie kama kifaa.

Nakala nimempelekea Mama, lakini nimemsomea sehemu ya cheo peke yake.

Mkazamjomba msalimie sana, na watoto, hasa yule wa mwisho anayeniogopa. Wasalimie wenzetu wa kiwanda cha kuyeyushia chuma, wachomeleaji wote, dereva wa pikapu, na mlinzi, mwambie kofia iko kwangu. Bwana Mkubwa asisalimiwe.

Ni mimi mpwa wako mtiifu na sanamu wako mtarajiwa,

Redio (ndivyo wanavyoniita hapa, kwa wivu)

Nyongeza, kwenye karatasi nyingine, naipenyeza chini ya mlango kwa sababu barua iko mezani kwako na ofisi umeifunga:

Mjomba, barua usiisome. Kama umeisoma, isahau. Kama umeicheka, endelea kucheka, usitende.

Nilipoiweka nilikwenda kutazama jaribio la leo, niizoee kazi yangu. Ilikuwa ile mikanda mipya ya mkandarasi wa maghorofa, yenye kifungo cha chuma alichokichagua mwenyewe kwa sababu kinang'aa. Bwana Mkubwa akapanda, ndoano ikaachia, mkanda ukamdaka, na mimi nikaanza kupiga makofi. Kifungo kikafunguka. Mjomba, alishuka mzima mzima mpaka sakafuni. Mguu mmoja ulikwenda kwenye mashine ya kuvutia nyaya. Kichwa kilibingirika polepole, kikapita chini ya meza, kikasimama kwenye viatu vyangu, kinanitazama. Mimi, Redio, kimya.

Injinia akaandika "HAUFAI" kwa wino mwekundu. Akasema, "Kuna fundi mahali fulani angeuvaa huu keshokutwa." Kisha akanigeukia, akatoa futi kamba mfukoni. "Katibu ameniambia umeomba nafasi. Nyoosha mikono, mdogo wangu, nikupime kifua." Sijui kama alikuwa anatania, maana sikubaki pale kumuuliza.

Nunua sanamu la pili. Nunua na la tatu, tuwe na akiba. Tena yawe ya chuma zaidi. Mimi kifaa? Mimi ni mtoto wa dada yako wa tumbo moja, na nina mifupa ambayo Mama anaipenda.

Nimejificha kwenye chumba cha vipimo, na hapa simu imelia, nikaipokea mimi kwa kuwa hapakuwa na mtu. Ni yule mkandarasi. Anataka mikanda yake yote asubuhi, watu wake wanapanda ghorofani, mambo ya cheti tutayamaliza baadaye, yeye na wewe mnajuana. Nikamwambia hautoki hata mmoja. Akasema kifungo kile kiko imara. Nikamwambia basi njoo uuvae wewe, winchi ipo, mimi mwenyewe nitabonyeza. Akanitukana, matusi mengine nilikuwa siyajui na mimi nayajua mengi. Sikukata simu. Nikarudia: mikanda haitoki, kifungo kibadilishwe, ijaribiwe upya.

Akauliza kwa ukali, "Wewe ni nani hasa?"

Nikamwambia mimi ni msaidizi wa majaribio.

Sasa Mjomba, tafadhali, usinifanye mwongo.