Kiwanja Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi
Nimefungua sanduku la marehemu babu. Chini ya koti lililoliwa na nondo, hati ya kiwanja namba 14. Ina muhuri, ina jina lake. Nikatoka barazani, nikatazama ng'ambo ya barabara. Juu ya mlango wa kinyozi, kibao cha bati: 14. Miaka yote hiyo ananinyoa kwa dharau, tena juu ya ardhi yangu. Nikamweleza dada. Akauliza kama nimekula. Dada ni mkubwa wangu, ila sheria hazimpandi kichwani. Mimi niliishia darasa la sita kwa kuwa walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Jumanne, 5 Machi
Ofisi ya ardhi. Foleni mpaka kwenye ngazi. Nikawatangazia walio mbele kuwa mkuu wa ofisi nimekua naye. Wakasema basi nimpigie simu atoke. Nikapanga foleni masaa manne. Mama wa masijala akanishauri nipekue kwanza jalada la kiwanja, nione kimepita mikononi mwa nani, ndipo nijaze fomu ya malalamiko. Ushauri wa waoga. Nikajaza palepale. Akanionya kuwa kila nakala nitakayopata mimi, kinyozi naye atapelekewa. Nikamwambia ampe mbili, alie kwa macho yote.

Jumatano, 6 Machi
Nimempitia kinyozi kumwambia aanze kutafuta pengine. Mbele ya wateja akajibu sawa, mzee, ila nikae kwanza anipunguze nywele za masikioni, nisiende nazo mahakamani. Wakacheka. Nikakaa. Nywele kweli zilikuwepo.

Alhamisi, 7 Machi
Jalada limefunguliwa. Vumbi tupu. Mmiliki wa kwanza: babu. Nikapiga meza. Mama wa masijala akaniomba niiache meza ya serikali, akafunua ukurasa wa pili. Babu alikiuza. Dole gumba lake lipo, pana kama langu. Mnunuzi: bibi yake kinyozi. Nikasema basi, kumbe ni pake, nirudishiwe fomu yangu. Akasema bado, akatandaza ramani. Mji ulipimwa upya zamani, namba zikaanza kuhesabiwa upande wa soko badala ya upande wa mto. Kumi na nne ya babu siyo kumi na nne ya leo. Kidole chake kikatembea, kikavuka barabara, kikasimama juu ya chumba changu cha kulala. Nikamwambia kimekosea njia. Akahesabu tena, taratibu, kikafika palepale. Na kuna kikaratasi: babu aruhusiwe kukaa mpaka apate pengine. Hakupata. Baba hakupata. Mimi hata sikujua kama tunatafuta. Nikaomba tena fomu yangu. Imeshapigwa muhuri, na nakala ya kinyozi, pamoja na jalada na ramani, imetoka tangu asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi
Kinyozi amekuja, shati safi, nakala mkononi. Hakunicheka, na hilo limeniudhi zaidi. Akamwambia dada asiwe na wasiwasi, atakaa hapa maisha yake yote, na ataliandika. Dada akafuta machozi, akashukuru. Nikauliza, na mimi je? Akasema kuhusu mimi bado anafikiria. Kwa sasa anataka chumba cha mbele kiwe saluni ya pili. Chumba cha mbele ni changu. Dada akakubali kabla sijafungua mdomo. Kisha akaniambia kwamba jana tu, kabla sijaenda kupekua, tulikuwa watu wenye nyumba.

Jumapili, 10 Machi
Nimehamia stoo. Dada hanisemeshi, anaweka sahani mlangoni na kwenda zake. Nimepata utulivu wa kufikiri. Mtu hauzi kiwanja asipokuwa na kingine, sembuse babu, aliyewahi kumrudisha chui porini kwa kumkodolea macho tu. Na ile ramani niliikagua vizuri mama yule alipokuwa anahesabu. Namba 22 ni pana, ipo kona, imekaa kibabu kabisa. Kituo cha polisi ndicho kimejibanza pale. Kesho asubuhi naingia kuwauliza, kwa upole, wanahama lini.