Malalamiko juu ya Mwananchi Kunda, Anayefuata Katiba Saa za Kazi

Lubumbashi, Juni 1976

Kwa Mwananchi Komisere wa Zone,
Ofisini kwake, ghorofani

Mwananchi Komisere,

Nakusalimu kwa heshima zote, na nakutakia afya njema wewe pamoja na Chama. Mimi ni Kapya Kalaba (zamani Adalbert, kabla hatujarudishiwa majina ya mababu). Sura yangu unaijua: ni yule mwenye mashine ya kuchapa na kofia ya kahawia, anayekaa barazani chini ya dirisha lako. Kazi yangu ni kuwaandikia watu maombi yao, kisha kuwaelekeza ni nani wa kumwona, kwa mlango upi, na wamwone wakiwa na nini mkononi. Kwa kazi hiyo nimesomesha watoto. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wa barazani, ambao kwa sasa wamekata tamaa hata ya kunoa penseli.

Shida yetu ni Mwananchi Kunda, yule binti aliyewekwa kwenye dirisha la vyeti tangu Mwananchi Numbi alipougua mgongo. Hatusemi kwamba ni mtu mbaya. Ana adabu, anasalimia, nguo zake ni safi. Lakini anafuata Katiba, tena saa za kazi. Madhara yake nayapanga hapa chini.

1. Anafika mlango unapofunguliwa, na dirisha analifungua papo hapo. Kwa hiyo foleni imekufa. Akina mama wa mikate na karanga waliokuwa wakiilisha foleni ile sasa wanaangaliana tu. Mtu anaingia, anatoka na cheti wino haujakauka, anakwenda zake bila kujua hata jina la aliyesimama mbele yake. Kwenye foleni ya Numbi watu walifahamiana mpaka wakaoana.

2. Kuku. Mama Ngalula wa mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, alikuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, nami nilimwelekeza ipasavyo: kuku jike, miguu imefungwa, apitishwe chini ya meza pasipo maneno. Kunda alimtazama kuku, akamtazama mama, akasema mbele za watu: "Mama, rudia na kuku yako. Hii karatasi iko yako, haiko ya kuuzisha." Hebu fikiri, Mwananchi Komisere. Kuku aliyeondoka nyumbani kwa heshima, anarudi akiwa hai! Mume wa Mama Ngalula aliamini kwamba mke wake ameitukana Serikali, na mpaka leo hawaongei vizuri. Kuku mwenyewe anazungukazunguka uani bila kazi maalumu.

3. Hapa naomba uketi vizuri. Kila mtu katika nchi hii, kuanzia mchimbaji mpaka mheshimiwa, anajua kwamba Katiba yetu ina Article 15: débrouillez-vous, yaani kila mtu ajitafutie. Mwalimu anaitaja akiuza alama za mtihani, askari anaitaja barabarani, na mimi niliitaja kwenye harusi yangu. Nilimkumbusha Kunda kwa upole. Badala ya kuona haya, alitoa Katiba mkobani, akatafuta kifungu hicho, akakisoma kwa sauti. Maneno yetu hayamo. Akasoma kilichotangulia na kinachofuata. Hayamo. Watu wakanitazama kana kwamba ni mimi niliyeyatoa. Sasa nauliza: ikiwa taifa zima linatii kifungu ambacho hakimo kitabuni, kosa ni la nani? La taifa haliwezi kuwa. Ni la mchapaji, na tunaomba asakwe.

4. Katika kitabu hicho hicho Kunda amekuta kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria. Angeweza kukuta na kunyamaza, kama wengine wote waliosoma. Lakini juzi mke wa mkubwa mmoja, mkaaji wa Makomeno kwenye majumba ya wakubwa, alishuka garini huku dereva amemshikia mlango, akaambiwa apange mstari nyuma ya muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Mikono ya yule mtu ilikuwa ingali myeusi. Na yule mama alisimama! Baya zaidi, wakaanza kuongea. Niliwasikia kwa masikio yangu wakiulizana habari za magoti.

5. Tulifikiria kumshitaki kwamba hakipendi Chama. Imeshindikana. Asubuhi tunapoimba na kucheza mbele ya bendera, ni yeye anayecheza vizuri kuliko wote. Ila ngoma ikiisha anakwenda kufanya kazi. Wenzake wanaelewa kwamba ngoma ndiyo kazi yenyewe, na kwamba aliyekwisha kulitumikia taifa kwa kiuno ana haki ya kupumzika mpaka jioni.

6. Ugonjwa huu unaambukiza. Watu waliopata vyeti bila kutoa kitu wanatembea na tabia hiyo mjini. Mmoja amekwenda hospitali akaomba kitanda kana kwamba kilinunuliwa kwa ajili yake. Mwingine amemwomba askari risiti. Na yule muuza makala, cheti mkononi, alisimama hapa barazani, akautazama moshi wa mtambo wa shaba, akauliza: "Na hii shaba yote, inaendaka wapi?" Mimi nilijifanya natengeneza utepe wa mashine. Mwananchi Komisere, kutoka cheti cha kuzaliwa mpaka swali lile ni mwendo mfupi sana, na aliyefungua njia ni Kunda.

Usidhani nasema kwa ajili ya tumbo langu. Mimi najinyima kwanza. Dada yangu mkubwa, yaya Musonda, ni mjane wa mfanyakazi wa mgodini. Mwajiri anadai cheti cha ujane, la sivyo yaya arudishe ufunguo wa nyumba ya kambini mwisho wa mwezi huu, atoke na watoto. Maombi yake niliyaingiza kwa Numbi kwa njia ya heshima: samaki wakavu wa Kasenga, kisha kuku, kisha kuku mwingine kwa sababu yule wa kwanza alionekana mwembamba. Hapo ndipo Numbi alipougua mgongo. Yaya ananisihi nimpeleke kwa Kunda. Nimekataa. Nimemwambia asubiri mgongo upone, maana siwezi kuitetea desturi ya nchi barazani halafu niivunje nyumbani. Analia, ni kweli, lakini analia kwa ajili ya kanuni.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, Article 15 iandikwe kitabuni, ili Katiba na watumishi wake waache kugombana. Pili, Kunda aondolewe dirishani, lakini kwa akili. Kumfukuza kutawafanya watu wamwimbe. Kumpeleka Kasenga ni hatari, wavuvi watapata karatasi zao zote na ugonjwa utavuka mto Luapula mpaka Zambia. Tunaomba apandishwe cheo. Apandishwe juu kabisa, kwenye ofisi yenye zulia, simu, na katibu mlangoni, mahali ambapo mwananchi hafiki. Tumeona wengi waliopona kwa dawa hiyo.

Naishia hapa nikiwa na matumaini makubwa kwako. Nisalimie mama wa nyumbani na watoto, dereva, na mlinzi wa ngazi, ambaye yeye bado anafuata desturi, Mungu amzidishie. Usiusahau na mgongo wa Mwananchi Numbi.

Mimi katika utumishi wa taifa,
Kapya Kalaba
Mwandishi wa barazani

Nyongeza: Nimeambiwa barua haiwezi kupanda ghorofani kwako bila muhuri wa dirisha la vyeti, yaani wa Kunda. Nimeipeleka asubuhi hii. Ameisoma yote, amecheka pale pa ngoma, amegonga muhuri, akaniambia: "Baba Kapya, kulalamika iko haki yako." Hakuomba kitu. Nilipogeuka nikamwona yaya Musonda nyuma yangu mstarini. Amekuja mwenyewe, mikono mitupu, wala hakunitazama. Kabla sijavaa kofia yangu, cheti chake kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Kimebaki kutiwa sahihi yako tu, na kiko mezani kwako, chini ya barua hii.

Naomba uanze na hicho, Mwananchi Komisere. Mwezi unaisha na yaya hana pa kwenda, na mimi naogopa. Habari ya kumpandisha Kunda cheo, ngoja kwanza. Barua hii wape akina mama wafungie karanga.

Jambo moja tu linanisumbua. Kunda amemwambia yaya kwamba kwako pia hakuna cha kupeleka, na yaya ameamini. Mimi ninakaa chini ya dirisha lako. Nijibu kwa mkato: wewe unafuata kitabu cha Kunda au desturi yetu? Nijue kama nimfunge kuku miguu.