Utepe kwa Kila Ng'ombe

Jumatatu, tarehe 4

Tumefika! Ng'ambo! Bahari nzima tumeivuka tumeshikana mikono. Wiki ya tatu ya ndoa, na bado Laazizi wangu akinitazama nasahau nilichokuwa nikisema. Wifi, dada yake, ametupokea shambani kwake na mabuti ya mpira yaliyojaa matope. Ameviangalia viatu vyangu vya visigino virefu. Ameuliza kama ndivyo nitakavyokamulia ng'ombe. Nimecheka. Peke yangu.

Habari kubwa: nyuma ya zizi kuna nyumba ndogo, tupu, yenye dirisha la buluu. Wifi amesema ni yetu, tuhamie kabisa, mradi ifikapo Jumapili aridhike kwamba nafaa shambani. Kufaa tu? Mapazia nimeshayachagua.

Jumanne, tarehe 5

Nimejitolea kupalilia kabla sijaombwa. Wifi anione! Nimeng'oa tuta zima la karoti changa. Magugu nimeyaacha; yalikuwa na maua. Wifi amesema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, ila mimi siku ya pili nanyang'anywa. Mumewe, shemeji yangu, akacheka mpaka akakohoa. Wivu huo. Ndoa ikizeeka watu husahau mapenzi.

Alhamisi, tarehe 7

Nina mke mwenza! Ana miguu minne. Anaitwa Malkia. Laazizi humkamua pembeni, wa mwisho, huku akimbembeleza: "Pole mama, taratibu, mrembo wangu." Mrembo! Mimi nimeambiwa nisogee, naziba mwanga.

Nimemchunguza huyo Malkia. Amefungwa utepe mwekundu mguu wa nyuma. Wenzake hawana. Kumbe! Kipenzi cha zizi huvishwa utepe. Sikumwuliza mtu. Mwenye akili haulizi, huangalia.

Ijumaa, tarehe 8

Nina mpango! Wifi na shemeji wamekwenda mnadani, watarudi kesho. Sandukuni nina utepe uliofungia zawadi za harusi, mwekundu, wa hariri. Jioni nimewavisha ng'ombe wote, mmoja baada ya mwingine. Nimechapwa mkia usoni, nimekanyagwa kidole. Mapenzi ni kuvumilia. Sasa kila ng'ombe ni malkia, na Wifi atakuta zizi limependeza kama ukumbi wa harusi. Laazizi sijamwambia. Ataona mwenyewe asubuhi.

Jumamosi, tarehe 9

Ameona.

Utepe mwekundu, kumbe, ni alama ya ng'ombe mgonjwa aliyechomwa sindano. Maziwa yake yana dawa, hayauzwi, humwagwa. Na Laazizi wangu jamani ni mtiifu! Alifundishwa ukiona utepe, mwaga. Akamwaga. Yote! Nimemkuta analia juu ya ndoo, ati ugonjwa umefagia zizi zima usiku mmoja. Gari la maziwa limekuja, limeondoka tupu.

Wifi aliporudi alisimama akautazama mfereji ulivyokuwa mweupe. "Wifi yangu, umekuja kutembea au umekuja kutuzika?" Nikamwambia ule utepe ni wa hariri. Sijui kwa nini hakufurahi.

Jumapili, tarehe 10

Hukumu imetoka. Nyumba ndogo wanapewa ndama. Ndama! Wana haja gani na dirisha la buluu? Laazizi ameombwa abaki, ana mikono mizuri. Mimi nimeonyeshwa sanduku langu. Laazizi akajibu kwamba mkewe akiondoka naye anaondoka. Alisema kwa sauti ya chini sana, macho yakiwa kwa Malkia, lakini alisema! Nimelia kwa raha.

Wala sikukata tamaa. Mjomba wa Laazizi na Wifi anaishi nchi ya jirani, anafuga nyuki. Nimejifungia bafuni nikampigia simu. Nimemwambia mimi na mpwa wake ni mabingwa wa mifugo, Wifi ni shahidi, tunakuja kukaa. Ameuliza kama nimewahi kuishi na nyuki. Nikamjibu, mjomba, nyuki ni kama ng'ombe tu, ila wadogo.

Laazizi nitamwambia tukishafika. Leo nanunua manukato ya maua, chupa kubwa, nijipake kuanzia kichwani. Safari hii nataka nipendwe siku ya kwanza.