Wiki Nne za Wapangaji wa Bi Tibbets

Jumatatu, 4 Machi 1957. Melbourne.
Barua tatu za watazamaji zimefika studio. Zote za Wally! Mimi, Neville Tranter, ndiye niliyemtoa Wally Prosser kwenye sarakasi ya Bendigo miaka kumi na tisa iliyopita, nikamfundisha kuanguka bila kuvunjika. Sasa tumeingia kwenye televisheni, tuna kipindi chetu cha vichekesho, "Wapangaji wa Bi Tibbets", na bibi mmoja wa Footscray ananiita "yule mwingine". Wally akanipigapiga bega. "Usijali, ndugu yangu, wiki ijayo zitakuja zako." Alisema kwa moyo mweupe. Hicho ndicho kilichoniudhi.

Jumanne, 5 Machi.
Nimemnong'oneza mwongozaji wetu, Bwana Lyle, kwamba Wally siku hizi anasahau maneno. Uongo mtupu. Nikajitolea kumbebea machache. Lyle akasikitika, akamwondolea yote! Wally atacheza kwa vitendo tu. Mimi nimeangukiwa na kurasa sita. Na Wally akinyamaza ndipo anapochekesha zaidi. Nilisahau hilo.

Jumatano, 6 Machi.
Wally kanishikia karatasi mchana kutwa nikikariri. Hakulalamika hata kidogo. Maneno hayaingii. Lakini nimegundua jambo. Kila mmoja wetu ana alama yake ya chaki sakafuni. Simama juu yake, kamera inakuona. Sogea hatua mbili, umepotea. Hatua mbili tu!

Alhamisi, 7 Machi.
Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilifuta alama ya Wally kwa soli ya kiatu, nikamchorea nyingine pembeni.

Saa moja na nusu jioni tukaanza. Tunarushwa moja kwa moja, ukikosea umekosea. Wally akasimama juu ya alama yake, mtiifu kama siku zote. Nikatupia jicho televisheni ya ukutani. Mimi, uso mzima! Na mkono wa Wally. Mkono tu, umeshika birika, unatafuta kikombe changu. Ukapapasa meza. Ukapapasa sikio langu. Ukanimiminia chai mapajani. Mafundi wakashika mbavu.

Kurasa zote sita zikanitoka kichwani. Nilitakiwa kumalizia kwa kumsifu mdhamini: hakuna chai nchini kama chai yake. Nikasema, "Hakuna chai." Nikakwama. Nikajaribu tena. "Hakuna chai." Mara ya tatu nililia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi.
Bi Oram, mwenye nyumba wangu, alitazama kwenye televisheni iliyowekwa dirishani mwa duka la samani, yeye na watu kama arobaini barabarani. Anasema walicheka mpaka mzee mmoja akadondosha pai yake. Nikauliza walimcheka nani. "Ule mkono, bwana wee! Halafu wewe, ulikuwa unaumwa?"

Studio, maombolezo. Mdhamini amejitoa. Kipindi kimefutwa. Wiki nne tu! Lyle akatukusanya, akauliza nani aligusa chaki. Nilifungua mdomo. Nakiri, nilifungua tu. Wally akatazama kiatu changu, akatazama dari, akasema, "Mimi, bwana. Niliikanyaga ikafutika, nikachora nyingine kwa kukisia."

Lyle akamfokea mbele ya washonaji na mafundi, akamwambia asikanyage tena pale. Wally akachukua kofia yake. Kutoka pale hadi mlangoni ni mwendo mrefu. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Sikusema.

Jumapili, 10 Machi.
Sijalala vizuri. Nimekwenda stesheni. Wally anahamia Ballarat kwa dada yake, kufuga kuku. Nikamwambia nimekuja kutubu.

"Ya chaki? Najua. Kiatu chako kilikuwa cheupe."

Nikamuuliza kwa nini alijitwika basi.

"Mimi nina dada, Neville. Wewe una nini zaidi ya hii kazi?"

Kisha akauliza kama nimekula. Akanipa nusu ya mkate wake wa nyama ya kondoo, akapanda. Nilisimama na ule mkate mpaka treni ikapotea. Sikuweza kuula. Nimeapa kwa kaburi la mama: hila basi! Nitamfidia mtu huyu hata kama ni kitu cha mwisho nitakachofanya duniani.

Jumanne, 19 Machi.
Ajabu! Simu kwa Bi Oram, inatoka studio nyingine. Waliona kipindi chetu cha mwisho. Wanataka kumpa Wally kipindi chake mwenyewe, ila hawajui anakoishi. Je, naweza kumfikishia habari? Afike Ijumaa saa nne asubuhi, bila kukosa.

Machozi yalinitoka kwa furaha. Niliketi papo hapo nikaandika: "Mpendwa Wally." Mkono ukasita. Kuku wake atamwachia nani? Na goti lake lile, na safari yote ile? Si ungwana kumsumbua mtu ghafla namna hii. Habari kubwa hupelekwa polepole.

Barua nitaitia posta Jumamosi. Ijumaa nitapita pale mwenyewe, kuwaeleza kwa heshima kwamba mwenzangu hakuweza kufika. Suti nimeshaipeleka kwa dobi.