Pumzi Inayosikika Kama Msonyo

Butimba, Mwanza
13 Machi 2025

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ni Masalu Shigela, mkazi wako, karani wa stoo kiwandani Nyakato.

Unamfahamu Mama Muganyizi, nesi mstaafu aliyehamia hapa kutoka Bukoba. Kila alfajiri huwakusanya kina mama juu ya lile jiwe bapa tulilozoea kuanikia dagaa, akiwafundisha kujinyoosha, kujikanda na kupumua. Mke wangu Renatha hakosi. Sina chuki na afya ya mtu yeyote, lakini naomba mafunzo hayo yasitishwe kwa sababu zifuatazo:

1. Kunyoosha. Zamani shati langu la kazini lilinyooshwa kila Jumapili jioni. Sasa anayenyooshwa ni Renatha. Tarehe 3 Machi niliingia kazini na mikunjo, bosi akaniuliza kama nimelala msibani. Niliporudi kulalamika, nilimkuta kalala chali sebuleni, miguu ukutani. Akanijibu kutoka sakafuni, "Pasi iko pale, Baba Gladness. Na wewe nyoosha."

2. Kukanda. Siku nyingine nilirudi na njaa, binti yetu Gladness akaniambia mama yuko jikoni anakanda. Nikanawa mikono, nikakaa mezani kusubiri chapati. Alikuwa anakanda shingo yake. Kisha akahamia kwenye nyayo, akiziviringisha juu ya mti wa kusukumia chapati. Tangu hapo, hata chapati zikija, sizitazami kwa moyo ule wa zamani.

3. Pumzi. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mama Muganyizi anafundisha kwamba ukikasirika ubane meno, uvute hewa taratibu katikati yake, kisha uitoe kwa pua. Eti hasira inapoa. Mwenyekiti, jaribu sasa hivi, lakini hakikisha hakuna mtu karibu. Umesikia? Huo ni msonyo.

Mama yangu mzazi, Bi. Odeta, yuko kwetu kutoka Magu. Jana jioni alionja ugali, akasema umelegea. Renatha akafumba macho, akabana meno, akavuta. Ndefu. Mama akarudisha tonge kwenye sahani.

"Masalu, mkeo amenisonya?"

"Hapana Mama, anapumua."

"Mimi napumua tangu nizaliwe. Umewahi kunisikia?"

Renatha alipiga magoti kuomba radhi, lakini kwa vile alikuwa na wasiwasi, akavuta tena. Mama amefunga mizigo. Anaondoka Jumamosi, na ameapa hatakanyaga tena kwangu. Renatha naye anasema haachi, kwa sababu bila pumzi ile angejibu, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa baya kuliko msonyo. Nikimtetea mmoja, nampoteza mwingine.

4. Madhara kwa mtaa. Elimu hii ikienea, mteja atamsonya muuza sato, mkwe atamsonya mkwe, waumini watamsonya padri mahubiri yakirefuka, na wote watasema wanapumua. Nani atajua tena kama ametukanwa? Na mtu asiyejua kama ametukanwa ataleta shauri gani ofisini kwako? Utakaa na muhuri wako bila kazi.

Kwa hiyo naomba jiwe lirudishiwe dagaa. Ikishindikana, basi hewa yote ya mtaa huu ivutwe kwa pua, isipokuwa kwa wenye mafua, ambao watapata kibali chako cha maandishi.

Wasalimie wote nyumbani, na mjumbe wetu Mzee Pius, na wanaongoja kwenye benchi hapo nje. Msalimie hata Mama Muganyizi. Sina ugomvi naye.

Ni mimi mkazi wako, ninayepumua kwa pua,

Masalu Shigela

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Mama barua hii, aone ninavyompigania. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisonya. Huu haukuwa zoezi. Niliutambua papo hapo. Akasema, "Unampeleka mkeo serikalini kwa ajili ya pumzi?" Kisha akamwita Renatha amfundishe kubana meno, maana ameamua kukaa hapa mpaka Pasaka na anaona ataihitaji. Sasa wamekaa mbele yangu wote wawili, wananitazama, wanavuta. Naomba ombi langu ulihesabu halikuandikwa. Ila ukionana na Mama Muganyizi, niulizie kama kuna zoezi la mtu anayepumuliwa na watu wawili.