Naomba Kibarua cha Siku Moja Ili Niruhusiwe Kujua Kilichomo Darini

Uvira, Jumatano ya Majivu, tarehe 14 Februari 2024

Kwa Mama Bénédicte, Katibu Mkuu wa Utawala,
Chuo cha Juu cha Ufundi na Biashara cha Mwambao, Kasenga

Yahusu: ombi la kuajiriwa kama mkandarasi kwa siku moja, kabla ya Jumamosi

Mama Katibu Mkuu,

Juzi Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, Bwana Cyprien, msimamizi wa majengo, aliingia chumba cha nne cha Jengo B nikiwa nafundisha, akatangaza kwamba salongo, yaani usafi wa pamoja, ya Jumamosi hii haitakuwa ya kufagia uwanja kama kawaida. Itakuwa ya kushusha dari la Jengo B. Kila mwanafunzi aje na nyundo. Asiyekuwa na nyundo aje na jiwe. Atakayekosa atakatwa pointi tano.

Siku sita kabla ya hapo, Jumanne tarehe 6, Bwana Cyprien huyo huyo aliwakusanya boharini wafanyakazi kumi na mmoja na wakandarasi watatu. Aliwaarifu kwamba dari hilo hilo ni la amianti, kitu ambacho ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa hukiita asbestosi. Kwamba likivunjwa hutoa vumbi linaloharibu mapafu polepole hadi kuua. Na kwamba mtu asiliguse.

Matamko yote mawili ni yake, na hajakanusha hata moja. Mimi ni mwandishi wa habari wa redio kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, naishi Songo, na tangu 2016 nafundisha chuoni kwako kila Jumatatu na Alhamisi kama mwalimu mgeni. Sikuandikii kwa hasira. Nimeona pengo dogo la kiutawala, nami najitolea kuliziba kwa mwili wangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nilifukuzwa dirishani.

Ile Jumanne nilikuwa napita nyuma ya bohari. Niliyoyaeleza hapo juu niliyasikia kwa masikio yangu, na nilikuwa nimeshatoa daftari. Bwana Cyprien alipofika kwenye orodha ya vyumba vyenye hatari, aliinua kichwa akaniona.

"Papa Antoine, weye uko mufanyakazi wa hapa?"

Nilijibu kwamba mimi ni mwalimu mgeni.

"Basi hauko mufanyakazi. Uko antreprenere?"

Nilijibu kwamba mkandarasi pia si mimi.

"Sasa hii maneno unasikia kama nani?"

Ni swali zuri. Nimekaa nalo siku nane na sijalipatia jibu. Dirisha likazibwa. Kwa ajili ya kumbukumbu: dirisha la bohari halina kioo, na kilichotumika kuliziba ni kipande cha dari.

2. Tangazo limewekwa mahali pasipofikika.

Nakala moja ya onyo hilo imebandikwa, ndani ya bohari, juu ya kibao cha aina ile ile ya dari. Imeshikiliwa na misumari minne. Siku ile mlango ulipofunguliwa ili watu watoke, niliweza kusoma mstari wa kwanza peke yake, kwa sababu ndio ulioandikwa kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUPIGA MSUMARI.

Tangu hapo bohari imefungwa. Nimeulizia utaratibu. Aliyearifiwa haruhusiwi kuingia, kwa sababu mle mna amianti. Asiyearifiwa naye haruhusiwi, kwa sababu atasoma. Tangazo limebaki peke yake na misumari yake.

3. Habari zenyewe zimetiwa kwenye bahasha.

Kila mmoja wa wale kumi na wanne alipewa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri wa "Siri", na kabla ya kuifungua alitia sahihi daftarini kwamba amepokea, amesoma na ameelewa. Nilimfuata Gaspard, seremala mkandarasi, ambaye nimefahamiana naye tangu tulipokuwa tunaimba kwaya moja. Nilimwomba anisomee ukurasa wa kwanza tu.

"Papa, nilisaini kama nimeelewa," aliniambia. "Kuambia weye, ile sikusaini."

Hata hivyo alinieleza jambo ambalo halikuwamo kwenye bahasha, yaani kwamba ameirudisha kazi ya dari.

"Minye niko na batoto tano na mapafu mbili tu. Mama Bénédicte akitaka hii dari ishuke, yeye ashike nyundo, minye nitashika rozari."

Nimethibitisha kwa watu wengine wawili kwamba hadi saa sita mchana ya siku ile wote kumi na wanne walikuwa wamekataa kazi hiyo. Hapo nakupongeza. Katika miaka yangu yote ya redio sijawahi kutoa habari iliyoeleweka haraka hivyo na watu wote walioisikia.

4. Salongo.

Kwa kuwa walioarifiwa wamekataa, kazi imepewa wasioarifiwa. Kwao hakujapatikana pingamizi lolote.

Nimeupima uamuzi huu kwa kila upande na sioni kasoro ya kisheria. Anayepaswa kuarifiwa ni mfanyakazi na mkandarasi. Mwanafunzi si mfanyakazi. Salongo si kazi, ni moyo wa kujitolea, ndiyo maana asiyejitolea anakatwa pointi. Kwa hiyo wanafunzi arobaini na sita wenye nyundo arobaini na sita hawatavunja kanuni yoyote. Watavunja dari tu. Zaidi ya hayo, madaktari wanasema ugonjwa wa vumbi hili hujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Masomo yetu ni ya miaka mitatu. Mwanafunzi atakapoanza kukohoa, chuo kitakuwa kimeshampa diploma yake, kimempongeza na kufunga jalada.

Kazi yangu inanitaka nitaje maslahi yangu. Kiongozi wa darasa hilo, aliyepewa orodha ya mahudhurio ya Jumamosi, anaitwa Annie, ana miaka ishirini na moja, na ni binti yangu. Jumatatu mchana, tukiwa mezani, nilimweleza nilichosikia dirishani.

"Papa, uko na karatasi?"

Nilimwambia nina masikio.

"Masikio iko na kashe?"

Ilibidi nikiri kwamba masikio yangu hayana muhuri.

"Minye niko na liste, na liste iko na kashe. Pointi tano, papa. Utanirudishia weye?"

Siwezi. Somo ni langu na mtoto ni wangu. Nikimpa pointi moja ya bure, wewe mwenyewe utanifukuza, na utakuwa na haki. Kwa hiyo nyundo ya Jumamosi imeshawekwa nyuma ya mlango. Ni nyundo yangu.

5. Tundu.

Katika chumba cha nne, juu kabisa ya meza ya mwalimu, dari lina tundu la upana wa kizibo cha chupa. Upepo wa ziwani ukivuma, vumbi jeupe linashuka mezani. Wanafunzi hulifagia kwa ufagio mkavu. Mimi, kwa kutojua, nimekuwa nikilipuliza kwa mdomo kila siku ya kipindi, na kisha kuvuta pumzi ili niendelee na somo.

Tundu hilo halikujitoboa. Kuna mtu alipanda juu ya meza ya umma, akiwa na akili zake timamu, akatoboa dari la amianti juu ya vichwa vya vijana wetu. Nadai mtu huyo asakwe. Atajwe kwa jina hadharani. Apigwe marufuku kukanyaga chuoni maisha yake yote, bila kujali umri wake wala miaka aliyotumikia.

6. Ombi lenyewe.

Naomba niajiriwe kama mkandarasi kesho Alhamisi au keshokutwa, kwa siku moja, cheo chochote. Malipo sitaki. Naweza kushika ngazi ambayo hakuna mtu anayeipanda. Kama mkandarasi nitakuwa na haki ya kuarifiwa, nitapewa bahasha, nitatia sahihi, nitaelewa, nitakataa kazi kama wenzangu, na mkataba utakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Nikishatoka, naomba waajiriwe kwa utaratibu huo huo wanafunzi wangu arobaini na sita. Nafahamu kwamba wakiarifiwa nao watakataa, na dari litabaki juu. Hilo ni suala la kiufundi. Mimi naongelea haki.

Baada yao itabidi tumfikirie Mama Noella, anayeuza karanga getini, kwa sababu upepo hauulizi nani ni mfanyakazi. Kisha watoto wa shule ya msingi iliyo nyuma ya ukuta. Kisha wanakwaya wanaofanya mazoezi chini ya madirisha ya Jengo B, ambao, kwa jinsi wanavyoimba, wanavuta pumzi kubwa kuliko raia wa kawaida. Siwezi kuwasahau mbuzi wanaolala kwenye korido tangu maji ya ziwa yalipochukua banda lao. Ukihesabu saa, hakuna mfanyakazi wako anayekaa katika jengo lile kama wao. Kwa hesabu yangu, ifikapo Ijumaa jioni Kasenga nzima itakuwa imeajiriwa. Chuo chako kitakuwa mwajiri mkubwa kuliko wote kuanzia Kalundu hadi Katogota, kwa siku moja, bila kazi hata moja kufanyika.

Najua kuna njia nyingine, nayo ni kuwaambia watu wote. Sikuipendekeza kwa sababu haina daftari la sahihi. Leo asubuhi padri wetu alimpaka kila mtu majivu kwenye paji la uso akamwambia kwamba yeye ni mavumbi, wala hakumuuliza yeyote kama ni mfanyakazi au mkandarasi. Foleni ilifika hadi barabarani. Hakuna aliyesaini. Lakini parokia ina taratibu zake na chuo kina zake.

Nasubiri jibu lako kabla ya Ijumaa. Barua hii sikuitolea nakala kwa mtu yeyote, ili nayo iwe siri kama zilivyo nyingine.

Nisalimie Bwana Cyprien na umwambie bado natafuta jibu la swali lake. Wasalimie makatibu wa ofisi yako, mlinzi wa geti, wale kumi na wanne wanaojua, na wale wengine wote. Mbuzi nitawasalimia mwenyewe kesho nikija kufundisha.

Ni mimi, mwenye kukuheshimu na kukohoa kidogo,

Antoine Lubunga
Mwandishi wa habari, mwalimu mgeni, mwombaji wa kibarua

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga na kuileta chuoni. Getini nilinunua karanga kwa Mama Noella. Zilikuwa zimefungwa ndani ya ukurasa wa kwanza wa tangazo lako, wenye muhuri wa duara wa ofisi yako, unaosomeka vizuri kuliko ule ulio kwenye kitambulisho changu. Nilimuuliza ameutoa wapi.

"Bana-etudia waliniletea mu salongo ya Jumamosi ilipita," alisema, akimaanisha wanafunzi. "Waliwatuma kusafisha kabati ya biro ya Mama Katibu. Iko karatasi muzuri, papa, haipasuke. Nikuongezee?"

Anazo nyingi, rundo lilikuwa linamfika gotini, na sasa limebaki nusu. Kasenga imekuwa ikiarifiwa tangu Jumamosi, kiganja kwa kiganja. Kwa hiyo naondoa ombi langu la kuajiriwa. Nimefungua tena bahasha ili niseme hivyo.

Nilinunua karanga mara ya pili ili nipate ukurasa wa pili. Ndio wenye orodha ya vyumba. Nanukuu: "Chumba cha nne: tundu moja, lililotobolewa mwaka 2016 na mwalimu mgeni wa somo la redio, kwa ajili ya kutundika kipaza sauti." Lalamiko namba tano linahitaji marekebisho.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba anayetajwa kwa ubaya apewe nafasi ya kujieleza kabla ya kutangazwa. Mtu huyo nimemhoji leo mchana, nyumbani kwake Songo. Amekiri. Amekumbuka hata kwamba mashine ya kutobolea aliazima kwa Gaspard, na kwamba vumbi lililomwagikia mezani alilipuliza. Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alijibu kwamba hakuna aliyemwambia.

Sasa ninayo karatasi, nayo ina kashe. Annie ameutazama ule muhuri mara mbili, akala karanga zangu zote, akasema darasa zima litasikiliza redio. Nyundo bado iko nyuma ya mlango.

Ofisi yako ina nafasi ya kujieleza hadi keshokutwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Taarifa itasomwa siku hiyo hiyo saa kumi na mbili na nusu jioni, na jina la aliyetoboa dari litatajwa kama lilivyodaiwa. Salongo ni kesho yake saa moja asubuhi. Nimeomba taarifa itangulie matangazo ya vifo.