Benevole wa Kwanza wa Kasenga

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Siku kubwa! Mchana nilikuwa kwenye kibanda changu cha kuchaji telefone hapa Kasenga, Uvira, akapita Mama Claire na megafone. Huyu ndiye mkubwa wa shirika la kusafisha ziwa, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji megafone. Ametangaza kwamba wanatafutwa benevole, watu wa kujitolea bila malipo, waokote chupa za plastiki kabla ya salongo ya Jumamosi, ile kazi ya usafi ya watu wote. Atakayeleta chupa nyingi kuliko wote ifikapo Ijumaa ataitwa benevole wa kwanza wa kartye, yaani wa mtaa mzima. Ataongoza salongo. Atavaa jile ya kijani, kizibao cha shirika. Na atasifiwa mbele ya watu wote!

Kusifiwa! Hapo niliangusha telefone ya mteja.

Niandike wazi, daftari hili halisomwi na mtu. Nampenda Blandine. Blandine naye ananipenda, au tuseme hajakataa. Tatizo ni baba yake, Papa Jean-Marie, prezida wa wavuvi wa pwani yetu. Mwezi uliopita nilimwomba awapokee wazee wangu kutoka kijijini kwetu Lubarika, waje kujitambulisha kama desturi inavyotaka. Akanijibu kwamba miaka miwili amenisikia nikijisifu mwenyewe. Sasa anataka kusikia jambo jema moja juu yangu kutoka mdomo wa muntu mwingine. Moja tu. Siku akilisikia, wazee waje. Nilimwomba Blandine anisifu. Akasema yeye ameshajaribu, baba yake amesema mdomo wake hauhesabiwi.

Basi mdomo umepatikana, tena una megafone. Nimejiandikisha wa kwanza. Wa pili ni Dieudonné, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mtu wa kunyamaza na kutabasamu. Simpendi hata kidogo.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Chupa kumi na moja. Siku nzima! Nimezunguka Kasenga yote, nikaenda mpaka kartye ya Rugenge kwa miguu. Kila baa niliyofika, wananiambia Dieudonné amepita asubuhi. Aliamka saa ngapi huyu mtu? Hana nguo za kushona?

Sokoni niliona chupa tele kwenye meza ya Mama Émérance. Nikasema asante Mungu, nikaanza kuzitia ndani ya gunia. Kumbe zinangoja mawese! Mama Émérance amenifukuza kwa mwiko mpaka kwa wauza samaki wa ndagala, huku akiuliza kwa sauti kama miye nilifikiri mafuta yanauzwa kwenye viganja. Wauza ndagala wakacheka. Mmoja wao ni shangazi yake Blandine. Haidhuru. Jumamosi watanipigia makofi hao hao.

Saa kumi na moja Dieudonné amepita mbele ya kibanda na gunia limejaa mpaka mdomoni. Amenisalimia vizuri sana. Dharau hiyo!

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Mayele! Akili tupu! Usingizini nimepata wazo. Kwa nini niokote mimi, wakati watu wanaweza kuniletea? Nimeandika kwenye kartoni: CHUPA MBILI, UNACHAJIWA BURE. Saa mbili asubuhi foleni imefika barabarani. Watu wanakuja na telefone mkononi na chupa kwapani. Nikahesabu chupa themanini! Nikaimba. Nikamwonyesha Dieudonné kidole gumba toka ng'ambo.

Saa nne umeme umekatika.

Saa sita haujarudi. Saa nane wateja wamerudi wao. Nikawaeleza kwamba umeme si wangu, na kwamba wamefanya jambo zuri kwa ziwa letu. Wakasema ziwa halichaji telefone. Kila mmoja akachukua chupa zake mbili, na kwa hasira wakachukua na zile kumi na moja za jana. Mwisho nimebaki na kartoni.

Blandine amepita jioni. Ameniuliza kwa upole kama weye Antoine huwezi kuokota tu, kama watu wengine, chupa moja, halafu nyingine. Nimemwambia hivyo ndivyo watu wasio na akili wanavyofanya. Akasema Dieudonné ameshafika mia moja na ishirini.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

HALELUYA! Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Niandike kwa utaratibu. Saa kumi alasiri nilikaa pwani nimekata tamaa kabisa, nikitazama maji. Mimi na maji hatuelewani. Mimi ni mtoto wa Lubarika, maji niliyoyazoea ni ya mfereji wa mpunga, yanafika magotini na yanatulia. Ziwa hili nimelikalia pembeni miaka miwili bila kuingia zaidi ya kifundo cha mguu. Wavuvi walikuwa wametoka ziwani, wamevuta mitumbwi yao mchangani, wamekwenda kula. Ndipo nikaona kitu kinang'aa mbali kidogo. Nikatazama tena. Chupa! Si moja, si kumi. Chupa mstari mzima juu ya maji! Na nyuma ya mstari huo, mstari mwingine!

Mitaa yote tumeipigania kama kuku, kumbe ziwani ziko za bure, hakuna aliyezifikiria! Hata Dieudonné, ambaye amezaliwa hapa! Ndiyo maana nasema kuzaliwa mahali si kuwa na macho.

Nimeazima mtumbwi wa jirani. Nilizunguka kwanza mara nne palepale, kasia linataka kwenda kushoto, mimi nataka mbele. Nikafikiria viboko wa ziwani. Nikamfikiria Blandine. Nikaendelea.

Kazi haikuwa rahisi. Watu wa hapa ni wachafu ajabu: kila chupa wameifunga kamba! Mtu anatupa taka, tena anaifunga kamba! Na kamba ni nzito, inavuta chini, nadhani imeshikwa na majani ya ziwani. Nimekata kwa kisu moja moja. Mikono imechubuka, mgongo unaniuma, suruali imelowa yote. Mabidon, yale madumu makubwa ya njano, huku na huku mwisho wa mistari nimeyaacha, hayaingii kwenye gunia. Nimejaza magunia matatu. Chupa mia mbili arobaini na tatu!

Nilipogeuka kuondoka, maji yalikuwa safi. Hakuna hata chupa moja. Machozi yalinitoka. Kwa mara ya kwanza nimefanya kitu kwa ajili ya watu wote na si kwa ajili yangu, na kitanipatia mke.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Mshindi! Mimi! Dieudonné mia moja sabini na moja, mimi mia mbili arobaini na tatu. Mama Claire amenikumbatia mbele ya komite nzima. Jile ya kijani ninayo hapa, nimeivaa ninapoandika. Inanibana kidogo mabegani.

Dieudonné ameishika chupa yangu moja, akaitazama sana ile kamba iliyobaki shingoni. Ameniuliza nimezitoa wapi. Nikajibu, ziwani. Akauliza ziwani upande gani. Nikajibu, upande ambao Mungu alimwonyesha mwenye bidii. Akakaa chini kwenye tofali, akashika kichwa. Akasema nikaongee na Papa Jean-Marie leo leo, kabla ya kesho. Nimemjibu kwamba nakwenda kuongea naye, tena juu ya harusi, na mtu aliyeshindwa hanipangii ratiba. Wivu ni ugonjwa.

Jioni nimekwenda kweli. Nimemkuta Papa Jean-Marie amekaa nje, macho mekundu, hajala. Blandine amenieleza kwamba nyavu tatu za baba yake zimezama, na nyingine za wavuvi wenzake. Mtu mbaya ameziharibu jana. Asubuhi hii pwani nzima imekosa samaki, na wavuvi hawana nyavu nyingine.

Nimesikia uchungu, haki ya Mungu. Halafu nimesikia furaha, kwa sababu hii ni nafasi ya pili! Nimesimama mbele ya Papa Jean-Marie na jile yangu. Nimemwapia kwamba mimi, benevole wa kwanza wa kartye, nitamtafuta huyo mwovu, na kesho kwenye salongo nitamtaja mbele ya watu. Amenipa mkono. Miaka miwili hajawahi kunipa mkono! Amesema labda alinihukumu vibaya.

Leo sitalala kwa furaha.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Maduka yalifungwa, watu wakaja pwani na majembe na mifagio. Rundo langu la chupa lilikuwa katikati, kama mlima. Mama Claire akanisifu. Akasema Antoine wa Lubarika amelipenda ziwa hili kuliko sisi tuliozaliwa kando yake. Nilimtazama Papa Jean-Marie: anasikia! Jambo jema, mdomo mwingine, hadharani! Nikapewa megafone. Nikahutubia. Nikasema yuko kati yetu mtu asiye na aibu aliyeharibu nyavu za baba zetu, na kwamba nitamfichua. Watu wakashangilia. Nikamwomba Papa Jean-Marie aje aeleze mwovu huyo amefanya nini hasa, maana kusema kweli nilikuwa sijauliza.

Papa Jean-Marie akaeleza. Akasema wavu hausimami wenyewe majini. Juu yake mvuvi anafunga chupa tupu, ndizo zinaubeba. Mtu amekata chupa zote. Wavu ukaenda chini.

Halafu akalitazama rundo. Akatembea taratibu, akainama, akaokota chupa moja yenye kamba nyekundu. Akasema fundo hili amelifunga yeye, kwa vidole vyake.

Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, ni mimi. Kumbe si kimoyomoyo. Na megafone ilikuwa imewashwa.

Rugenge yote imesikia! Mama Émérance alipiga yowe. Wavuvi wakanisogelea. Blandine alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Papa Jean-Marie hakupiga kelele. Angepiga kelele ningevumilia. Aliniuliza tu, polepole, kama kwetu Lubarika hakuna wavu hata mmoja. Nikasema hakuna, Papa, kwetu iko mpunga. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia. Nilitaka hao viboko waje.

Dieudonné ndiye aliyesema kwamba mabidon ya njano bado yanaelea, basi nyavu zinaweza kufuatwa. Mitumbwi ikaingia ziwani, wakazivuta kwa nanga. Zote zimepatikana! Mama Claire akaninyang'anya megafone, akaamuru mifagio iwekwe chini na kila mtu achukue chupa na kamba. Watu wakaitana. Walitoka nyumbani, walitoka Rugenge, wanakwaya walikuja na nguo zao za mazoezi. Nimehesabu watu sitini na wawili wamekaa mchangani wakifunga chupa. Salongo iliyopita walikuja tisa.

Papa Jean-Marie amenifundisha fundo mwenyewe, bila kunitazama usoni. La kwanza lilifunguka. La kumi lilifunguka. La arobaini likashika. Akasema lifungwe la arobaini na moja.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Baada ya ibada nimeitwa kwa Papa Jean-Marie. Nimekwenda kama mtu anayekwenda kunyongwa. Lakini wavuvi walikuwa wamevua mikeke alfajiri, nyumba inanukia samaki, na mwenyewe alikuwa ameshakula.

Ameniambia hivi. Mama Claire alikuja jana jioni kumwambia kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kuona salongo yenye watu wengi vile, na kwamba aliyesababisha ni Antoine. Papa Jean-Marie amelitafakari hilo usiku kucha. Ni jambo jema. Limetoka mdomo wa mtu mwingine. Ila linanuka. Kwa hiyo analihesabu nusu.

Nusu! Nilimrukia nikamshika mikono yote miwili! Nusu ya wazee wangu wako njiani! Akasema nusu iliyobaki niilete Jumamosi ijayo, na iwe safi.

Blandine amenisindikiza mpaka kona. Ameniomba kitu kimoja tu: wiki hii nichaji telefone, nisiguse kitu kingine chochote. Nimemwapia. Amenishika mkono. Mimi ni mtu mwenye bahati kuliko wote hapa Uvira, na sasa nimejifunza.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Mama Claire amepita na megafone. Jumamosi ni zamu ya kuzibua kaniveau, mtaro mkubwa wa maji wa Kasenga, kabla mvua hazijaanza kweli. Anatafuta benevole. Mpaka jioni wamejiandikisha wanne. Wanne! Kaniveau yote ile! Dieudonné wa kwanza, bila shaka.

Nimekaa nikafikiri vizuri. Juzi walikuja sitini na wawili. Kwa nini? Kwa sababu ya megafone? Hapana, megafone ipo kila wiki. Walikuja kwa sababu palikuwa na balaa. Binadamu haji kusafisha, anakuja kuokoa! Wataalamu wote wa mashirika hawajaliona hili, nimeliona mimi.

Basi inahitajika balaa ndogo tu. Ndogo, tena safi, maji matupu. Kaniveau inapinda nyuma ya nyumba ya Papa Jean-Marie. Pale ni pembamba, magunia mawili ya mchanga yanatosha kabisa kuziba. Maji yatapanda mpaka mlangoni, si zaidi, nimepima kwa macho. Watu watakuja mbio kutoka kartye nzima, na atakayefika wa kwanza na jembe ni nani? Ni mimi!

Magunia nimeshayaweka. Na tazama, wingu jeusi linashuka kutoka milimani, upepo umeanza. Mungu yuko upande wangu! Nimemtumia Blandine ujumbe aweke viatu vya Papa juu ya kabati. Ameuliza kwa nini. Nimemjibu asubiri, ni zawadi.